Mkono Unaomwagiwa: Kukisoma Kitabu cha Dharura za Kemikali Ukiwa Ludewa

Msomaji, kabla hujaendelea, vuta picha hii kichwani. Ni alama yenye umbo la almasi. Nusu ya juu ni nyeupe, na ndani yake kuna vichupa viwili vimeinamishwa: kimoja kinadondoshea kitu juu ya mkono, kingine kinadondoshea juu ya kipande cha chuma. Nusu ya chini ni nyeusi, na kwenye pembe kabisa pameandikwa namba 8. Unadhani alama hiyo inakwambia nini?

Wewe uliyepita darasa la kemia utajibu haraka: hii ni kemikali babuzi, inakula ngozi na inakula chuma. Mjomba wangu, mkulima na mgema ulanzi wa upande wa Mlangali, wilayani Ludewa, alinijibu hivi: "Si wanasema nawa mikono?"

Hakuwa anatania. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya Korona. Mabango ya kunawa yalikuwa zahanati, shuleni na ofisi ya kijiji, na karibu yote yalikuwa na mkono na matone yakidondoka. Ukiliangalia jambo hilo kwa haki, jibu la mjomba lina mantiki kuliko letu. Nani alimfundisha jibu lingine?

Alama yenyewe ilikuwa kwenye dumu la bluu alilonunua Makambako likiwa limeshatumika, maana msimu wa ulanzi ulikuwa umeanza na madumu hayatoshi. Ndani kulikuwa na kimiminika kimebaki chini, kama glasi mbili hivi. Alifungua, akanusa, akasikia harufu ya siki. "Nikasema ah, siki haiui mtu." Akakimimina kwenye ndoo ya bati ili asuuze dumu, kikamrukia kiganjani na kwenye kifundo. Ndoo ikaanza kutoa mapovu. Shangazi akampaka asali. Nilipofika likizo, siku ya nne, ngozi ilikuwa nyeupe pembeni na nyekundu katikati, na mjomba anasema haimuumi sana, huku analala ameukunja mkono kifuani kama kifaranga.

Chini ya ile almasi kulikuwa na herufi na namba: UN 2790. Hapo ndipo nilipofungua simu na kumsomea kitabu ninachotaka tukichambue leo.

Kitabu chenyewe

Kinaitwa Emergency Response Guidebook. Kimetolewa kwa pamoja na mamlaka za usafirishaji za Marekani, Kanada na Meksiko tangu mwaka 1996, na toleo jipya hutoka kila baada ya miaka 4. La karibuni ni la 2024. Matoleo yake rasmi ni ya Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Unaweza kukipata bure mtandaoni, na kuna programu yake ya simu inayofanya kazi hata bila intaneti, jambo ambalo kwa mtu wa Ludewa si dogo. Watu wengi wa fani yetu hukiita kitabu cha rangi ya chungwa, kwa sababu moyo wake ni kurasa za rangi hiyo.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Kila kemikali hatari inayosafirishwa duniani ina namba ya tarakimu 4 iliyopangwa na Umoja wa Mataifa. Petroli ni 1203. Dizeli ni 1202. Asidi ya salfuriki ni 1830. Ukiiona namba kwenye lori au kwenye dumu, unafungua kurasa za njano, unaitafuta, na unapewa namba ya mwongozo. Halafu unakwenda kurasa za chungwa, unasoma kurasa mbili tu zinazotazamana: hatari zake, usalama wa watu, na hatua za kuchukua moto ukiwaka, kemikali ikimwagika, au mtu akiumia. Basi. Kurasa za bluu ni za anayejua jina badala ya namba. Za kijani ni za sumu zinazosambaa mbali kwa hewa.

UN 2790 ni asidi ya asetiki iliyochanganywa na maji, yenye nguvu ya kuanzia asilimia 10 hadi 80. Siki ya mezani ni kitu hichohicho, ila ni kama asilimia 5 tu. Kwa hiyo pua ya mjomba haikukosea: ilikuwa siki kweli. Kilichomponza ni kiasi. Kitu alichokidhani siki kinaweza kuwa na nguvu mara 16 ya ile iliyoko kabatini.

Namba hiyo inakupeleka kwenye Mwongozo 153, unaohusu vitu vyenye sumu au vinavyobabua ambavyo pia vinaweza kuungua. Tukisoma kurasa hizo mbili mimi na mjomba, yeye amekaa kwenye kigoda na mimi natafsiri kwa mdomo, niliona mambo ambayo nilipokisoma maabara sikuyaona kabisa. Ndiyo uchambuzi wenyewe huu.

Kwanza, sifa zake

Nisiwe mnafiki, kitabu hiki ni kizuri. Kina nidhamu ambayo vitabu vyetu vingi vya usalama havina. Hakianzi na historia ya kemikali wala muundo wa molekuli. Kinaanza na kile kitakachokuua. Sentensi zake ni fupi na ni za amri. Hakikupambi wala hakikutishi bure.

Angalia pia kinavyotenganisha vitu ambavyo sisi tunavichanganya. Alama ya kwenye dumu la mjomba ilisema jambo moja tu: inababua. Haikuwa na alama ya moto. Lakini Mwongozo 153 unaongeza kwamba vitu vya kundi hili vinaweza kuungua ingawa havishiki moto kirahisi, na kwamba vikigusana na chuma vinaweza kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inawaka vibaya. Unakumbuka ile ndoo ya bati iliyotoa mapovu? Bati limepakwa zinki. Asidi na zinki vinatoa haidrojeni. Mapovu yale hayakuwa sabuni, na ndoo ilikuwa mlangoni mwa jiko la kuni. Kiasi kilikuwa kidogo na pale palikuwa na hewa, ndiyo maana leo nasimulia mkono tu. Nilipomweleza mjomba, alinyamaza kidogo, kisha akamwambia shangazi, "Umesikia?" Mstari mmoja wa kitabu ulifanya kazi ambayo mihadhara yangu isingeifanya.

Na hiyo asidi ikiwa haijazimuliwa, yaani zaidi ya asilimia 80, inabadilika namba, inakuwa UN 2789, na mwongozo wake unakuwa 132, wa vimiminika vinavyoshika moto na kubabua. Mvuke wake unaanza kutosha kushika moto kwenye joto la nyuzi 39 hivi. Ikiwa safi kabisa huganda ikishuka chini ya nyuzi 16.6, kwa hiyo asubuhi ya Juni pale Njombe inaweza kuwa imeganda ndani ya dumu kama mafuta ya nazi. Mtu akilitikisa ataona halina kimiminika, ataamini ni tupu au limejaa kitu kigumu kisicho na neno, alisogeze karibu na moto ili kiyeyuke. Hapo kitabu kinatusaidia kwa kutenganisha namba, lakini hilo la baridi ya nyanda zetu ni juu yetu kulisema.

Upepo wa mlimani

Sasa tuje kwenye malalamiko. La kwanza ni la kisayansi, na ndilo lililonishtua zaidi.

Kitabu kinasisitiza kila mahali: kaa upande upepo unakotokea, kaa juu ya mteremko, kaa juu ya mkondo wa maji. Ushauri huo ni sahihi kwa barabara tambarare. Sasa uchukue uupeleke kwenye barabara ya kutoka Itoni kwenda Ludewa. Wewe uliyepita kule unajua: upande mmoja mlima, upande mwingine bonde, na kona baada ya kona. Kule ambako serikali iliamua kumwaga zege badala ya lami, kati ya Lusitu na Mawengi, haikufanya hivyo kwa anasa. Ni miinuko na mvua.

Milimani, jua likishapasha miteremko, hewa ya bondeni hupanda. Mchana upepo unatoka chini kwenda juu. Usiku na alfajiri, ardhi ikipoa, hewa nzito ya baridi hushuka kutoka juu kwenda chini. Kila mgema ulanzi anajua hili bila kuambiwa, maana moshi wa jiko lake humwonyesha.

Kwa hiyo saa 8 mchana lori likiangusha madumu kwenye kona, kimiminika kitateremka bondeni lakini mvuke utasukumwa kwenda juu. Maagizo mawili ya kitabu yanagombana: ukipanda juu umekwepa kimiminika na umeufuata mvuke, ukishuka chini umekwepa mvuke na umekifuata kimiminika. Mvuke wa asidi ya asetiki ni mzito kama mara mbili ya hewa, kwa hiyo pasipo upepo utatambaa chini na kutulia bondeni, na hapo kupanda ni sawa kabisa. Lakini mchana wenye upepo, la hasha.

Ungefanyaje? Jibu langu ni ubavu. Usipande wala usishuke. Fuata barabara yenyewe, ukikata mteremko kwa upande, uende upande ambao huoni majani yakikuelekea. Tazama moshi wa nyumba za jirani, tazama mianzi. Kitabu kingeongeza mstari mmoja tu kuhusu milima, kingekuwa kimemsaidia mtu wa Ludewa, na wa Lushoto, na wa Bukavu, wote kwa pamoja.

Na umbali je? Mwongozo 153 unataka angalau mita 50 pande zote kwa kimiminika kilichomwagika, na mita 800 kama tangi zima liko kwenye moto. Mita 50 ni nusu ya uwanja wa mpira, hatua kama 70 za mtu mzima. Mita 800 ni kuzunguka uwanja wa riadha mara mbili. Nakwambia kwa vipimo hivi makusudi, maana nilipomtajia mjomba "mita 50" aliitikia tu kwa heshima. Nilipomwambia "nusu ya uwanja wa shule" aliinuka akaangalia. Ila jihadhari na kona: kwenye barabara ya mlima unaweza kutembea hatua 200 ukazunguka kona, ukajikuta uko chini kabisa ya pale ulipotoka, mita 30 tu kwa mstari ulionyooka. Hesabu umbali kwa macho, usihesabu kwa njia.

Dakika 30 ni ndoo ngapi?

Lalamiko la pili ni kuhusu maji. Kitabu kinasema ngozi au macho yakiguswa na kemikali babuzi, osha mara moja kwa maji yanayotiririka kwa angalau dakika 30. Kwa mwenye bomba ni sentensi rahisi. Kwa nyumba ambayo maji yanafuatwa kisimani, sentensi hiyo inasikika kama dhihaka, na mtu akishaisikia hivyo anaruka moja kwa moja kwenye asali, ute wa yai au dawa ya meno.

Tufanye hesabu ambayo kitabu hakikuifanya. Viwango vya Marekani vya vifaa vya kuoshea macho vinataka angalau lita 1.5 kwa dakika. Kwa dakika 30 hizo ni lita 45, yaani ndoo mbili na robo za lita 20. Bomba la mvua la dharura la kuogesha mwili mzima linatoa kama lita 75 kwa dakika. Hiyo ni lita 2,250, ndoo zaidi ya 112, tangi zima la plastiki. Haya, mkono wa mjomba? Ukimimina kwa jagi taratibu bila kukatisha, lita 5 kwa dakika zinatosha kuwa mtiririko. Dakika 30 ni lita 150, ndoo 7 na nusu.

Umeona tofauti? Jicho la mtoto linahitaji ndoo mbili na robo. Hakuna kaya kule kwetu isiyo na kiasi hicho asubuhi. Jicho likipotea kwa sababu watu waliamini kwamba bila bomba haiwezekani, hapo tatizo lilikuwa hesabu. Na kama ndoo ni tatu tu, anza nazo, tuma watoto kwa jirani, endelea. Maji machache yaliyoanza sekunde ya kwanza yana thamani kuliko mengi yaliyofika baada ya nusu saa. Maji yawe safi kadiri ilivyowezekana, ila usiache jicho linaungua huku unasubiri yachemke yapoe.

Kuna jambo lingine kitabu kinalipitia kwa mstari mmoja: vua nguo na viatu vilivyolowa kemikali. Kabisa, ni sahihi, kwa sababu nguo iliyolowa inaendelea kubabua. Lakini mwambie mama wa miaka 50 avue gauni barabarani mbele ya umati wa bodaboda. Hatavua. Ataenda nyumbani kwanza. Mwongozo ulioandikwa na mtu wa huku ungeweka sentensi moja: wanawake wawili washike vitenge, wafanye ukuta, nguo zivuliwe ndani ya ukuta huo hapohapo. Ni teknolojia tunayo tayari, tunaitumia misibani na kwenye uzazi.

Na majivu? Shangazi aliniuliza, maana anajua majivu yanaua ukali wa siki. Anajua vizuri, majivu ni ya alkali. Lakini usiyapake kwenye ngozi: mmenyuko huo unatoa joto, na majivu yenyewe yanachubua. Kwenye ngozi ni maji, maji, maji.

Nani anafika kwanza?

Hili ndilo lalamiko kubwa. Kitabu kimeandikwa kwa ajili ya mwokoaji anayefika mwanzo: askari wa zimamoto, polisi, mtu mwenye mavazi na mtungi wa hewa mgongoni, au angalau mwenye wa kumpigia. Nyuma kuna namba za simu za dharura za nchi za Amerika. Sisi kwetu ni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112 polisi. Ziandike sasa hivi kama huna. Lakini hata ukipiga, kama gari linatoka Njombe mjini na ni masika, wewe na wenzako mtakuwa peke yenu kwa muda mrefu.

Kitabu kinadhani kazi ngumu ni kuwazuia wenye hofu wasikanyagane. Kwetu kazi ngumu ni kuwazuia wenye madumu. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Waliokufa, pamoja na waliofia hospitali siku zilizofuata, walizidi 100. Sachangwan nchini Kenya, Januari 2009, ilikuwa vilevile, na vifo vilizidi 100. Sange, Kivu Kusini, Julai 2010, vifo vilizidi 200. Hakuna kati ya wale aliyekosa maandishi ya kusoma. Walijua petroli inawaka. Walichopima ni dumu la petroli dhidi ya uwezekano wa moto, wakaona wengine wanachota na hakijatokea kitu.

Nikisema hivi siwalaumu marehemu. Nalaumu mwongozo wowote, wa kwao au wa kwetu, unaoandika "tenga eneo" kana kwamba utepe wa njano unashinda shida. Na petroli angalau tunaijua kwa harufu. Asidi je? Februari 2019, mkoani Lualaba, Kongo, lori lililobeba asidi ya salfuriki kwa ajili ya mgodi liligongana na basi, na watu wapatao 20 walikufa. Migodi ile ya shaba na kobalti inakula asidi kwa wingi, na sehemu ya salfa ya kuitengenezea inashushwa bandari ya Dar es Salaam na kupanda kwa barabara kuu ya kwenda Tunduma. Sasa fungua ramani. Barabara hiyo inapita Makambako, palepale mjomba aliponunua dumu.

Kwa hiyo swali la Ludewa si la kufikirika. Wilaya hii ina chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma. Tumeyasikia majina hayo tangu tukiwa watoto, na siku kazi itakapoanza kwa ukubwa unaosemwa, malori ya kemikali yatapanda kona zilezile. Sheria tunayo: Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ni ya mwaka 2003, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayoisimamia, ikiwa na ofisi ya Nyanda za Juu Kusini pale Mbeya. Madereva wa kemikali wanapewa mafunzo. Lakini anayefika wa kwanza dereva akiwa amezirai ni kijana wa bodaboda, na huyo hakuna ukurasa ulioandikwa kwa ajili yake.

Mchanga, maranda na mto

Niongeze moja fupi kuhusu kumwagika. Mwongozo unataka kimiminika kifunikwe kwa udongo mkavu, mchanga au kitu kingine kisichoungua, na kizuiwe kisiingie kwenye mito na mifereji. Umesikia "kisichoungua"? Mkoa wa Njombe ni mkoa wa mbao. Kitu cha kwanza kitakachopatikana bure na kwa wingi kando ya barabara ni maranda, nayo yananyonya vizuri sana. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeyachukua, na angekuwa amekipa kimiminika kinachoweza kuungua utambi wa kuungulia. Tumia udongo. Mwandishi wa kitabu hakuhitaji kuyataja maranda. Sisi tunahitaji.

Na kuhusu mito: mabonde mengi ya Ludewa yanamwaga maji kuelekea Ruhuhu, na Ruhuhu unaingia Ziwa Nyasa karibu na Manda. Ukisafisha barabara kwa kumwagia maji mengi, hujasafisha, umehamisha. Mwili uoshwe kwa maji mengi, barabara izuiliwe kwa udongo. Watu huchanganya hayo mawili.

Hukumu yangu

Nikiulizwa kama tukitafsiri kitabu hiki kwa Kiswahili, nitasema ndiyo, kwa ajili ya zimamoto, polisi wa usalama barabarani na madereva. Wanakihitaji na ni kizuri. Lakini tusijidanganye kwamba tafsiri itamfikia mjomba. Mwongozo 153 kwa Kiswahili safi bado ungemwambia avae mavazi maalumu ambayo hana na apande juu hata kama ndiko upepo unakoelekea.

Kinachotakiwa ni ukurasa mmoja, ulioandikwa upya kuanzia kwa yule asiye na kitu. Mimi ningeuanza hivi, na wewe msomaji unaruhusiwa kunikosoa:

Usisogee, usinuse. Piga picha kwa simu ukiwa mbali, uivute uone namba. Nusu ya uwanja wa mpira, kila mtu nje, na wenye madumu kwanza. Zima pikipiki, zima sigara, zima jiko la karibu. Piga 114, taja namba uliyoiona na kona uliyopo. Mlimani, kwepa kwa ubavu. Aliyeguswa, maji hapohapo: jicho ndoo mbili na robo, mkono ndoo saba na nusu, vitenge viwe ukuta. Udongo, si maranda. Na dumu lenye mkono unaomwagiwa haliwi la maji wala la ulanzi, hata ukilisuuza mara mia.

Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi. Dumu la bluu ni imara, ni rahisi, na mjomba alikuwa amelilipia. Kumwambia mtu atupe dumu zima kabisa ni kumwambia atupe hela, na kitabu cha Amerika hakiwezi kulijua hilo kwa sababu kinaishia pale kemikali inapozolewa. Kwetu hadithi inaendelea sokoni. Mpaka atokee wa kuyanunua madumu hayo na kuyaondoa mtaani, ukurasa wetu utakuwa na tobo pale chini.

Mkono wa mjomba ulipona baada ya wiki kadhaa na kwenda zahanati mara tatu. Kidole cha mwisho hakikunjiki vizuri, kwa hiyo kisu cha kugemea anakishika kwa vidole vitatu na kidole gumba. Lile dumu alilitoboa mwenyewe kwa msumari, matundu manne, mbele yangu, bila mimi kumwambia. Nilimuuliza kwa nini manne.

"Mjomba," akaniambia, "ukitoboa moja, mtu ataliziba."